Mguu Ukivunjika, Je, Ahadi Nayo?

Ilikuwa baada ya Isha. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa chungu, ndipo mpwa wangu alipotokea na mamake, mkononi ameshika karatasi mbili alizozikunja vizuri. Akanisalimu kwa adabu, akaketi ukingoni mwa baraza, akanipa karatasi zile bila ya kusema neno.

Kijana huyu ana umri wa miaka 19. Tangu alipokuwa darasa la sita hakuna mtaani kwetu anayemkamata kwa mbio, na mita 400 ndizo zake. Lakini si mbio tu. Hesabu na fizikia huzipenda kama wenzake wapendavyo muziki, na matokeo yake ya kidato cha nne yalitufanya sote tutembee vifua mbele. Barua zile mbili zilitoka kwa makocha wa vyuo vikuu viwili vya Marekani. Wote wawili walikuwa wanamtaka.

Barua ya kwanza ilikuwa tamu kama halua. Ilitaja viatu, safari, nyumba ya kulala, chakula, na ikamhakikishia kijana kwamba masomo yatapangwa yasimsumbue. Ya pili ilitoka chuo cha teknolojia, na ilikuwa kavu. Kocha alitaka kwanza kuona alama za hesabu za miaka yote minne. Akaongeza kwamba hata yeye akimtaka namna gani, wenye kuamua nani aingie chuoni ni watu wengine.

"Kaka," akaniambia dadangu, "wewe ndiye uliyeipita njia hii. Sisi tuambie."

Nikanyamaza kidogo. Ni kweli, niliipita.

NILIVYOSAJILIWA KWA MIGUU

Mwaka 1974 nilikuwa kijana mwembamba, winga wa kulia, nacheza kabumbu Tononoka kila jioni. Siku moja akaja mwalimu kutoka shule moja ya bara. Jina lake sitaki kulitaja, wala la shule yake. Alitutazama siku tatu, kisha akamwendea marehemu baba. Akamwambia kwamba mtoto atasoma bure, atalala bure, atakula bure, madhali aichezee shule. Baba alikuwa karani mdogo bandarini mwenye watoto saba. Alimshika mwalimu yule mkono, na kwa watu wa zama zile mkono ulikuwa ndio mkataba.

Nilicheza mihula miwili. Muhula wa tatu nikaanguka vibaya na goti likavunjika. Nilipotoka hospitali kwa magongo, niliitwa ofisini nikapewa karatasi ya karo, niilipe yote kabla ya mwisho wa mwezi. Nikarudi Mombasa kwa gari la moshi, behewa la daraja la tatu, mguu nimeunyoosha juu ya sanduku langu la mabati. Baba hakusema kitu. Ila tangu siku ile sikumwona tena akienda uwanjani kutazama mpira.

Kwa hivyo dadangu aliponiuliza sikutaka kujibu kwa uchungu wa goti langu peke yake. Niliomba wiki mbili, nikasoma na kuuliza. Niliyoyapata naona yafaa kuwapa na wasomaji wengine wenye watoto, kwani barua za namna hii zinafika hata kwetu Pwani.

CHUO CHA WAHANDISI NA MPIRA WAO

Kwanza yafaa msomaji aelewe kwamba Marekani mchezo na chuo ni kitu kimoja. Huku kwetu mchezaji hodari hutafutwa na klabu, kule hutafutwa na chuo kikuu. Kocha huzunguka nchi nzima, na siku hizi dunia nzima, akisaka vijana. Kazi hiyo ni ngumu kwa kila kocha, lakini kwa kocha wa chuo cha teknolojia ni ngumu maradufu, kwa kuwa mlango anaopaswa kumpitisha kijana ni mwembamba.

Chukueni mfano wa Georgia Tech, chuo kilichofungua milango yake mjini Atlanta mwaka 1888. Hapo hakuna mwanafunzi anayeikwepa hesabu ya kalkulasi, awe anakimbia, anaogelea au anacheza ule mpira wao wa kushikwa kwa mikono. Kocha wa chuo kingine anaweza kumwendea kijana yeyote mwenye nguvu. Wa Georgia Tech hana budi kuuliza kwanza: huyu atapita hesabu? Vijana wengi huanguka kwenye orodha yake kabla hata hajawatazama miguu.

Na bado wapo waliounganisha yote mawili. Derrick Adkins alisomea uhandisi wa mitambo chuoni hapo. Mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi, na mwaka 1996 Olimpiki ilipofanyika mjini humo humo Atlanta akachukua nishani ya dhahabu. Kabla yake Antonio McKay wa chuo hicho hicho alipata shaba ya mita 400 kule Los Angeles mwaka 1984, na dhahabu katika mbio za kupokezana. Mpwa wangu alipoyasikia majina haya alikaa wima.

Lakini mimi kilichonigusa si nishani. Ni kisa cha kocha mmoja na hesabu zake.

MIA MOJA NA ARUBAINI

Kocha huyu aliitwa Bobby Dodd. Aliiongoza timu ya mpira ya Georgia Tech tangu 1945 hadi 1966, akashinda mechi 165, na mwaka 1952 timu yake haikufungwa hata mara moja katika mechi 12. Hakuwa mtu wa kuwaumiza vijana mazoezini. Wakijiandaa kwa mechi kubwa za mwisho wa msimu, wakati makocha wengine wakiwatoa wachezaji wao jasho la damu, yeye aliwaacha wake wacheze voliboli.

Zama zile Georgia Tech ilikuwa katika jumuiya ya vyuo vya kusini iitwayo SEC, na jumuiya hiyo ilikuwa na kanuni hii: kila chuo kinaweza kusajili wachezaji wapya hadi 45 kwa mwaka, lakini jumla ya wanaosomeshwa kwa ajili ya mpira wa mikono na wa vikapu isizidi 140. Sasa piga hesabu, msomaji. Masomo ni miaka minne. Arubaini na watano mara nne ni 180. Nafasi ni 140. Hata ukitoa wanaoshindwa masomo na wanaoondoka kwa hiari yao, bado kuna vijana wanaozidi. Wataenda wapi?

Jibu lilijulikana na kila mtu, ingawa halikuandikwa popote. Kocha aliwasajili wengi, akawajaribu, kisha wale waliomvunja moyo akawafanyia visa mpaka wakaondoka wenyewe. Msaada wa masomo ukaenda kwa mwingine. Kijana aliyetoka kwao kwa shangwe akarudi bila shahada.

Dodd alikataa. Kwake yeye, kijana akishatia sahihi na Georgia Tech atasomeshwa hadi amalize, hata akithibitika kuwa si mchezaji, madhali hakuharibu mwenyewe. Kwa ajili hiyo hakuweza kusajili wengi, na wenzake wakawa wanachagua katika kapu kubwa kuliko lake. Aliomba idadi ya wanaosajiliwa kila mwaka ipunguzwe ili asiwepo wa kufukuzwa. Mwezi wa Januari 1964 jambo hilo likafikishwa mbele ya jumuiya. Kanuni ikabaki vile vile. Georgia Tech ikajitoa.

Gharama yake haikuwa ndogo. Chuo kilikaa miaka bila jumuiya, na hatimaye kikaingia ile ya ACC mwaka 1978. Hadi leo SEC imekuwa tajiri kupindukia, na Georgia Tech haikurudi. Wapo wanaosema Dodd alikosea. Mimi nilipokisoma kisa hiki usiku nilijikuta nimeshika goti langu bila kujua. Ilinipitia kwamba mwaka ule ule ningekuwa Atlanta, na si kule bara, magongo yangu yasingenitoa darasani.

KANUNI HUBADILIKA

Msomaji asidhani mambo haya yalikwisha na Dodd. Mwaka 1973 chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kiliamua kwamba msaada wa mwanamichezo uwe wa mwaka mmoja mmoja, unaoweza kuendelezwa au kukatwa. Iliendelea hivyo takriban miaka 40, mpaka 2012 vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ahadi ya miaka mingi. Mwaka 2015 jumuiya tano kubwa, ACC ikiwa mojawapo, zikapitisha kwamba mwanafunzi asinyang'anywe msaada kwa sababu za kimichezo.

Kisha mwezi wa Juni 2025 mahakama ya huko ikaidhinisha mapatano makubwa. Vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kila timu ikawekewa kikomo cha idadi. Hata kabla ya idhini hiyo makocha walianza kuwapunguza vijana. Jaji hakukubali mpaka ilipowekwa njia ya walioondolewa kutohesabiwa katika kikomo, lakini hakuna chuo kilicholazimishwa kuwarudisha. Miaka 60 baada ya ile 140, hesabu ikawa ile ile: nafasi chache, vijana wengi, na mtu wa kufunga mlango.

Ndiyo maana nasema mzazi asitosheke kusikia neno "bure". Aulize bure mpaka lini.

WALIOFUNGWA MECHI 310

Viko pia vyuo visivyotoa hata senti moja kwa ajili ya mchezo. MIT ina timu 33, na hakuna mwanafunzi anayelipiwa kwa kuwa mwanamichezo. Msaada hutolewa kwa kutazama uwezo wa wazazi. Kocha anaweza kumsemea kijana neno jema, basi.

Kilichonichekesha na kunifunza ni kisa cha Caltech, chuo cha sayansi kule Pasadena, California. Wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni wapatao 1,000 tu. Timu yake ya mpira wa vikapu ilishinda mechi ya jumuiya yake mwaka 1985, kisha ikafungwa, ikafungwa tena, ikaendelea kufungwa mpaka ikatimiza mechi 310 mfululizo. Baadhi ya wachezaji hawakuwahi kuchezea hata timu za shule zao. Chuo hakikulegeza masharti ya kuingia ili kupata wachezaji. Kocha Oliver Eslinger alipofika mwaka 2008 alianza kuwatafuta kwa subira wale vijana wachache nchini wenye alama za juu kabisa na ambao pia wanajua mpira. Tarehe 22 Februari 2011 waliifunga Occidental pointi 46 kwa 45. Mtu angedhani wametwaa kombe la dunia.

Nilipomsimulia mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, miaka ishirini na sita, hawakuchoka?"

Nikamwambia, "Asubuhi walikuwa na mtihani. Hawakupata nafasi ya kuchoka."

WENZETU WALIOTANGULIA

Wakenya si wageni katika njia hii. Katika miaka ya 1970 vijana wetu wa Bonde la Ufa walichukuliwa kwa wingi na vyuo vya Marekani. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Ni jambo ambalo halijapata mfano. Lakini miaka iliyofuata ilimletea mitihani mizito ya ulevi na ufukara, na yeye mwenyewe aliieleza bila kuficha katika kitabu chake. Alifariki mwaka 2024.

Mike Boit naye alipata shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972. Alisoma Marekani hadi akapata udaktari wa elimu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Simtaji huyu ili kumshusha yule, kwani Rono alitupa fahari isiyokwisha. Nasema tu kwamba miguu ina umri wake. Mwanariadha wa mita 400 akifika miaka 32 huanza kuitwa mzee. Mhandisi wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa.

MASWALI YA DADANGU

Tulipokaa tena, dadangu alikuwa na yake. Mtoto atakula nini? Swala ya Ijumaa je? Na Ramadhani ikiangukia msimu wa mbio? Niliyaona ni maswali ya haki, na mahali pa kuyajibia ni kabla ya safari, si baada yake. Nilimweleza kwamba katika miji mingi yenye vyuo vikubwa misikiti ipo. Kwa mfano ule wa Al-Farooq mjini Atlanta uko Mtaa wa 14, jirani kabisa na Georgia Tech. Kuhusu saumu, nikasema, na aulizwe kocha mwenyewe.

Nikamweleza pia ugumu wenyewe. Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki katika msimu, lakini safari na uchovu havihesabiwi humo. Mwanafunzi wa uhandisi ana maabara za mchana, na mchana ndio wakati wa mazoezi. Wenzake wanapolala yeye anaandika ripoti. Na mgeni aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hana uhuru wa kufanya biashara ya jina lake kama wanavyofanya Wamarekani tangu 2021. Asidanganywe kwa hadithi za fedha.

Basi tukaandika maswali manne, tukayatuma kwa makocha wote wawili sawasawa. La kwanza: mtoto akivunjika mguu mwaka wa kwanza, atasomeshwa hadi mwisho? La pili: katika wale uliowasajili miaka sita iliyopita, wangapi wamepata shahada? La tatu: maabara ikigongana na mazoezi, anakwenda wapi? La nne: atafunga Ramadhani, wasemaje?

Kocha wa barua tamu alijibu siku ile ile. Akasema tusianze safari kwa kuzungumza mabaya. Maswali mengine hakuyagusa.

Wa pili alikaa siku tano. Kisha akajibu moja moja. Akivunjika atasomeshwa, na hilo litaandikwa katika mkataba kabla ya sahihi. Akatupa hesabu ya waliomaliza na waliokwama, majina akiyaficha. Maabara hutangulia. Kuhusu Ramadhani, hakuwahi kuwa na mwanariadha anayefunga, lakini yuko tayari kupanga mazoezi ya usiku na kujifunza. Mwisho akaandika kwamba kijana akianguka mtihani wa hesabu yeye kocha hataweza kumwokoa, na sisi tulijue hilo mapema.

Dadangu alisoma jibu hilo mara mbili. "Huyu hanibembelezi," akasema. "Ndiyo nampenda."

Mpwa wangu amechagua chuo kigumu. Sijui atashinda nini uwanjani, na Mungu ndiye ajuaye. Kwa sasa taa ya chumba chake huwaka hadi usiku wa manane, kwa kuwa kocha amempelekea kitabu cha kalkulasi akamwambia aanze. Mamake naye ameweka sharti lake: akamilishe, arudi.

NA HAPA KWETU?

Nisiweke kalamu chini kabla ya neno moja. Wazee wetu walipata chuo cha ufundi mapema. Kile tulichokiita MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi, kikaja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Na vijana wenye miguu ya dhahabu wako hapa hapa, Tononoka, Likoni, Malindi hadi Lamu. Jioni wanacheza, na wengi asubuhi hawana pa kwenda.

Je, haiwezekani tukawa na kocha wa kwetu anayesimama kando ya kiwanja, akamwona winga mwembamba, na kabla ya kumuuliza unafunga magoli mangapi akamuuliza umepata ngapi katika hesabu? Kisha akamwendea babake, akamshika mkono, na mkono ule ukawa kweli mkataba, mguu uvunjike usivunjike?

Mimi goti langu bado huniuma kusi ikianza kuvuma. Ningependa mtoto wa mwenzangu asiumwe mahali nilipoumwa mimi.